Kalamu Nyekundu na Kiingereza cha Vijana Wetu

Leo twataka kusema neno juu ya jambo linalogusa nyumba zetu nyingi, nalo ni somo la Kiingereza katika shule za sekondari. Wengi wetu tuna watoto, wadogo au wapwa ambao kila asubuhi hupita Mnazi Mmoja na Mtaa wa Uhuru, mikoba ya vitabu mgongoni. Husoma sana na kukariri sana. Lakini wakiisha kumaliza Kidato cha Nne, wakaketi kuandika barua moja ya kuomba kazi, kalamu husimama. Wayajua majina ya nyakati zote za vitenzi, wala hawawezi kuandika aya moja ya kueleza walilolifanya jana. Sisi ambao kazi yetu ni barua hatuwezi kuliona jambo hili tukanyamaza.

Maoni yetu ni haya. Kiingereza cha kijana hakijengwi kwa kukariri kanuni, wala kwa kuadhibiwa asemapo Kiswahili. Hujengwa kwa kuandika maneno yake mwenyewe, kidogo kidogo, kila juma. Maandiko hayo yakasomwa na mtu, yakatiwa alama ya kalamu nyekundu, kisha yakaandikwa upya. Na msomaji huyo si lazima awe mwalimu peke yake. Aweza kuwa mmoja wetu.

Tuutazame kwanza mzigo wenyewe. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali, isipokuwa chache, na Kiingereza hufundishwa humo kama somo miongoni mwa masomo. Mtoto akifika Kidato cha Kwanza mambo hugeuka ghafula: hesabu, jiografia, kemia na baiolojia, yote kwa Kiingereza. Kwa hiyo kijana aweza kujua vema kwa nini mmea wahitaji mwanga, lakini siku ya mtihani wa taifa akakosa maneno ya kulisema jambo hilo, akapoteza alama za baiolojia kwa umaskini wa lugha. Kiingereza kwake ni zaidi ya somo moja. Ni mlango wa masomo mengine karibu yote.

Wako wasemao kwamba mlango huo ubadilishwe. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Bwana Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hata sekondari, wala haikuwa hivyo. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ikalitaja jambo hilo tena, na hata hivyo Kiingereza kingali darasani. Wako na wengine wasemao kwamba mtoto aanze Kiingereza tangu akinyonya. Hatukusudii kukata shauri hilo katika ukurasa huu. Wakubwa wakiwa wangali wakijadiliana, mtoto yu darasani leo, na mtihani wake una tarehe. Tena hata lugha ya kufundishia ikibadilishwa kesho, Kiingereza kitabaki kuwa somo, na yafaa kifundishwe vizuri.

Mzigo wa pili ni wingi wa wanafunzi. Mwezi wa Januari 2016 Serikali iliondoa ada katika shule zake kuanzia Kidato cha Kwanza hata cha Nne. Twaishukuru kwa hilo, maana watoto wengi ambao wangebaki nyumbani wamepata nafasi. Lakini madarasa yamejaa. Tupige hesabu kama makarani. Tuseme darasa lina wanafunzi 60, na daftari moja lataka dakika 5. Hizo ni dakika 300, yaani saa 5, kwa insha moja ya darasa moja. Mwalimu mwenye madarasa manne atahitaji saa 20 nje ya vipindi vyake. Basi afanyeje? Huziacha insha, akatoa mazoezi ya kujaza nafasi zilizo wazi, ambayo wanafunzi huweza kusahihishana kwa dakika kumi. Hatumlaumu. Lakini kujaza nafasi si kuandika, kama vile kubandika stempu si kuandika barua.

Sasa tuyatazame makosa yenyewe. Mtu akiyapima makosa ya vijana wetu ataona ya kuwa si ya uvivu wala si ya ujinga. Yana asili, na mara nyingi asili yake ni Kiswahili chenyewe, lugha yenye kanuni zake nzuri. Kijana huandika habari za mama yake akamwita 'he', na darasa zima likacheka. Lakini Kiswahili husema 'anapika' kwa mwanamume na kwa mwanamke. Mtoto huyu hajapata kudaiwa na lugha yake atenge hao wawili. Mwingine huandika 'borrow me your pen', kwa kuwa sisi twasema 'niazime kalamu yako', na kwetu atoaye na apokeaye wote huazima. Mwingine husema kwa neno la masikio ya kuwa anasikia njaa, maana kwetu njaa husikika, harufu husikika, na sauti husikika. Mwingine huandika 'did not went', akauweka wakati uliopita mara mbili, ambapo Kiingereza huuweka mara moja tu, katika lile neno la kusaidia.

Mwalimu azijuaye lugha zote mbili, na akakubali kuziweka pamoja mbele ya darasa, huyaponya makosa haya upesi kuliko yule afundishaye Kiingereza kana kwamba watoto wamezaliwa bila lugha. Tazameni neno 'the', ambalo huwasumbua vijana mpaka Kidato cha Sita. Waulizwe tofauti ya 'nimeona kitabu' na 'nimekiona kitabu'. Kila mtoto wa Kariakoo huisikia bila kufundishwa: cha kwanza chaweza kuwa kitabu chochote, cha pili ni kile tukijuacho mimi nawe. Hapo ndipo 'a book' na 'the book' hupata njia ya kuingia. Ulinganisho huu hautimii kila mahali, lakini watosha kuanzia. Kadhalika neno 'nyumbani'. Twasema nipo nyumbani, naenda nyumbani, natoka nyumbani. Mwisho mmoja wa -ni hutosha kwa yote, na kitenzi hueleza yaliyosalia. Kiingereza huigawa kazi hiyo kwa maneno madogo mengi. Kijana akionyeshwa palipo na shimo hutembea kwa uangalifu.

Na msamiati je? Desturi ya shule nyingi ni kuandika ubaoni maneno ishirini na maana zake, yakaririwe mpaka Ijumaa. Jumatatu yamekwisha sahauliwa, kwa kuwa neno lisilotumiwa halikai. Ingefaa zaidi mtoto apewe maneno matano, ayatungie sentensi zake mwenyewe, ayakute tena juma lijalo katika aya anayoiandika. Tena afundishwe ukoo wa neno. Mtoto wa Kiswahili amezoea kuona neno likizaa: katika 'soma' hupata somo, msomaji, usomaji, kisomo, msomi na somesha. Basi aonyeshwe ya kuwa 'decide' huzaa 'decision', kama vile 'amua' izaavyo 'uamuzi'. Akiushika ukoo mmoja amepata maneno matatu au manne kwa bei ya moja.

Mtaa wetu nao ni kitabu, ila hatuusomi. Jina la Kariakoo latokana na Kiingereza cha 'Carrier Corps', kikosi cha wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Midomo ya Waswahili ililigeuza likawa letu. Kabati, blanketi, penseli na tiketi ni hivyo hivyo. Mtoto aingia darasani na maneno ya Kiingereza kinywani, wala hapana aliyemwambia. Maboksi yashushwayo Mtaa wa Msimbazi na Mtaa wa Kongo yameandikwa 'keep dry', 'fragile', 'this side up'. Wafanyabiashara wa Zambia na Malawi hufika hapa kununua mali, nao hutaka hati waweza kuzisoma. Kijana amsaidiaye baba yake dukani huyaona maneno hayo kila Jumamosi. Ayanakili katika daftari, aulize maana yake, na Jumatatu atunge sentensi.

Hapa yatupasa kusema juu ya adhabu. Ziko shule ambamo mtoto akisema Kiswahili hupigwa, au huvikwa kibao shingoni ili wenzake wamcheke. Hatutaji shule yoyote. Aliye na mtoto amwulize. Wenye kuitetea desturi hiyo husema ya kuwa bila kulazimishwa mtoto hatazoea kusema Kiingereza. Kuzoea kwataka nafasi ya kusema bila hofu, na saa ya Kiingereza iwepo, tena iwe ndefu. Lakini kibao cha shingoni humfundisha mtoto kunyamaza, na mtu anyamazaye hapati lugha yoyote. Tena ni ajabu kubwa. Tangu mwaka 2021 UNESCO imeitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na tarehe hiyo ndiyo TANU ilipozaliwa mwaka 1954, hapa karibu, Mtaa wa Lumumba. Lugha iliyopewa siku na ulimwengu isifanywe aibu ya mtoto katika mji huu. Mwalimu akieleza kanuni ngumu kwa Kiswahili dakika mbili, huokoa dakika ishirini za kubahatisha.

Wala tusidhani ya kuwa kalamu ya Kiswahili huiua kalamu ya Kiingereza. Bwana Martin Kayamba, karani, ndiye aliyekianzisha Tanga mwaka 1922 chama cha watumishi wa Serikali Waafrika wa Tanganyika. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge katika shauri la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Habari za safari hiyo aliziandika kwa Kiswahili katika kitabu 'Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza', kilichotoka mwaka 1932. Na mwaka 1936 habari za maisha yake zikatoka kwa Kiingereza katika 'Ten Africans', kitabu kilichohaririwa na Margery Perham. Mwalimu Julius Nyerere naye, aliyefundisha Pugu kabla ya kuiacha kazi hiyo mwaka 1955, alitafsiri tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, ikachapwa mwaka 1963, na mwaka 1969 ikatoka 'Mabepari wa Venisi'. Watu hawa hawakuchagua lugha moja wakaitupa ya pili. Kila moja ilimnoa mwenziwe.

Nasi tulijifunzaje kuandika? Karani mgeni huandika dokezo sabili, likapanda kwa mkubwa wake, likarudi limekatwa mistari. Huandika tena, likarudi tena. Likija mara ya tatu halina alama ndipo huchapwa na kutiwa katika jalada. Hapana kati yetu aliyejifunza lugha ya ofisi kwa kukariri kamusi. Masijala ndiyo iliyokuwa darasa letu, na mkubwa mkali ndiye aliyekuwa mwalimu. Jambo lililotufaa ofisini, kwa nini vijana walikose shuleni?

Basi twaleta shauri, tukiomba walimu walipime.

Kwanza, kila mwanafunzi aandike aya moja kila juma, mistari minane tu, juu ya jambo alijualo kwa macho yake: bei ya nyanya sokoni, mvua iliyofurika Msimbazi, namna ya kuosha daladala. Mtoto apewaye kichwa cha insha asichokijua hutafuta maneno na mambo kwa wakati mmoja, akakosa yote mawili.

Pili, kalamu nyekundu iwe na kosa moja la kuwinda kwa juma. Juma hili vitenzi vya wakati uliopita. Juma lijalo 'he' na 'she'. La tatu mwanzo na mwisho wa sentensi. Ukurasa uliojaa wekundu humvunja moyo mtoto, wala hajui aanzie wapi.

Tatu, kila aya iliyosahihishwa iandikwe upya siku ile ile au ya pili yake. Bila kuandika upya, kalamu nyekundu ni mapambo tu.

Nne, kazi igawanywe. Mwalimu mwenye madarasa manne achukue darasa moja kila juma. Daftari 12 kwa siku ni saa moja, na kwa siku tano ni daftari 60. Hivyo kila mwanafunzi atasomwa na mwalimu wake mara moja kwa mwezi. Na majuma matatu yaliyosalia? Hapo ndipo tuingiapo sisi. Wanachama kumi na wawili, kila mmoja akichukua daftari tano siku ya Jumamosi, humaliza darasa zima, na hapana atakayeketi zaidi ya nusu saa. Wanachama thelathini na sita humaliza madarasa matatu. Hiyo si kazi ya kumshinda mtu aliyezoea kufungua majalada tangu asubuhi hata jioni.

Lakini tushike adabu katika kazi hiyo. Twende kwa ruhusa ya mkuu wa shule, na chini ya mwalimu wa somo. Tusahihishe lile kosa alilolitaja yeye, wala tusifanye mashindano naye. Asiye na hakika atazame kamusi, au aache alama ya kuuliza. Tena tusiwapitishie vijana ule mzigo wetu wa ofisini, yale maneno marefu ya barua, ambayo hutumia mistari mitano kusema ya kuwa barua imepokewa. Sentensi fupi iliyo sahihi ni bora kuliko ndefu inayochechemea.

Na vijana wasome. Maktaba Kuu iliyofunguliwa mwaka 1967 iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, mwendo wa miguu kutoka hapa. Kitabu chepesi kisomwacho kwa raha chafaa kuliko kigumu kibebwacho kwa sifa. Mzazi naye, hata asiyejua Kiingereza, aweza kumwambia mtoto amsimulie kwa Kiswahili alichokisoma. Akiweza kukisimulia amekielewa. Akishindwa, alikuwa akitazama wino tu.

Wako watakaosema ya kuwa taabu hii imepitwa na wakati, maana siku hizi simu na kompyuta husahihisha maandiko na hata kutunga barua nzima. Ni kweli, nasi ofisini twazitumia. Lakini chumba cha mtihani hakina simu. Tena mtu asiyeweza kuipima sentensi hawezi kujua kama mashine imesema alilolikusudia yeye, au imesema jingine lililo zuri zaidi kwa sura. Atatia sahihi maneno asiyoyamiliki. Karani ajua hatari ya kutia sahihi barua ambayo hakuisoma.

Jina la kata yetu, masikioni mwa Mswahili, husema 'mchafu, koge'. Sisi twaliona jina jema kwa habari hii. Maandiko ya kwanza ya kila mtu ni machafu, yawe ya mtoto wa Kidato cha Kwanza au ya karani mkuu. Hayana aibu, wala hayatakati kwa kufichwa ndani ya daftari lisilofunguliwa na mtu. Yataka maji, na maji yake ni jicho la pili.

Kwa hiyo, ndugu, mwenye nusu saa ya Jumamosi na ampe katibu jina lake kabla ya mkutano ujao, ataje na shule iliyo karibu na nyumba yake. Kamati itakwenda kwa wakuu wa shule na majina mkononi, si kwa maneno matupu. Mwaka huu wako watoto wa Kidato cha Nne ambao hawana muda wa kungojea sera nyingine. Kalamu nyekundu ni rahisi kununua. Kijana aliyefungiwa mlango kwa kukosa maneno ni hasara yetu sote.